Kakao na saratani: Ukweli ni upi?

Katika vioski vya Kayole, Umoja na mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi, kakao huuzwa kwa vipakiti vidogo, na kwa familia nyingi ni kinywaji cha watoto tu. Lakini hukosi kumsikia anayedai kwamba kikombe kimoja kwa siku huzuia saratani, au hata kuitibu.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Mbegu ya kakao ina kemikali ziitwazo flavanoli, hasa epikatekini. Katika maabara, kemikali hizo huzima chembechembe haribifu zinazoweza kudhuru vinasaba, na hata kupunguza kasi ya kukua kwa seli za saratani. Tatizo ni kwamba seli za maabara humwagiwa kemikali hiyo moja kwa moja, ilhali kwa mnywaji hupitia kwanza tumboni na kwenye ini. Kinachofika kwenye damu ni kidogo, tena kimekwisha kubadilika.

Utafiti mkubwa ulioitwa COSMOS, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2022, ulishirikisha Wamarekani zaidi ya 21,000. Nusu yao walimeza miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku kwa takriban miaka mitatu na nusu. Vifo vya maradhi ya moyo na mishipa vilipungua miongoni mwao. Saratani haikupungua.

Hivyo vilikuwa vidonge. Unga wa kioskini mara nyingi huwa na sukari tele, na kakao iliyotiwa magadi kiwandani ili kupunguza ukali wake hupoteza sehemu kubwa ya flavanoli.

Isitoshe, si kila kinachozima chembechembe hizo ni salama kikimezwa kwa wingi. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 ulibaini kuwa wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Anayependa kakao na ainywe, hasa isiyo na sukari. Hata chai yetu ya kila siku ina kemikali za jamii hiyo. Ila mama aliyehisi uvimbe kwenye titi asingoje kikombe kimtibu. Aende hospitalini akapimwe, kwani saratani ya matiti ikigunduliwa mapema hutibika. Kuhusu saratani ya mlango wa uzazi, kinga iliyothibitishwa ipo: chanjo ya virusi vya HPV, ambayo serikali ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 bila malipo Oktoba 2019.