Yetu ni Ipi? Migongano ya Komiti baina ya Git na Subversion

Mwanafunzi wa fasihi aliyewahi kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja anaifahamu taabu ya kuamua mstari upi ubaki. Waandishi wa programu za tarakilishi hukumbana na taabu iyo hiyo karibu kila siku. Makala haya yanaeleza yanayotokea pale ambapo matini moja inatunzwa na mifumo miwili isiyokubaliana kuhusu maana ya historia, yaani Subversion na Git.

Mfumo wa kudhibiti matoleo huhifadhi kila badiliko la faili pamoja na jina la aliyelifanya, wakati na maelezo mafupi. Badiliko lililohifadhiwa hivyo ndilo tutakaloliita komiti. Subversion, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka wa 2004, ina ghala moja kuu, na kila komiti hupewa namba inayofuata: baada ya 411 huja 412. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, haihesabu hivyo. Kila mshiriki ana ghala lake kamili, na kitambulisho cha komiti hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na kitambulisho cha komiti iliyoitangulia, yaani mzazi wake. Ukimbadilisha mzazi, mtoto naye huwa mwingine, hata kama hukugusa neno lake hata moja.

Daraja baina ya mifumo hii ni programu ya git svn iliyoandikwa na Eric Wong. Ilifaa sana miradi iliyokuwa na ghala la Subversion huku baadhi ya watendakazi wake wakipendelea Git. Mradi wa GCC, kwa mfano, ulihamia Git rasmi mnamo Januari 2020.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wahariri wawili, mmoja Nairobi na mwingine Dar es Salaam, wanaandaa faharasa ya istilahi. Ghala kuu ni la Subversion; wa Nairobi anatumia Git kupitia daraja. Kidahizo "kibodi" kimefasiliwa kuwa ni sehemu ya ngamizi yenye vitufe vya kuandikia. Wa Dar es Salaam anaona "ngamizi" limepitwa na wakati, anaandika "kompyuta" na kuwasilisha komiti namba 412. Wa Nairobi, asiyejua hayo, ameandika "tarakilishi" katika mstari uo huo. Anapotoa amri ya git svn dcommit ili kuvusha kazi yake, Subversion inaikataa: faili aliyoanzia imeshapitwa.

Hapo inampasa atoe amri ya git svn rebase. Git huziweka kando komiti zake, huchukua namba 412, kisha huzipandikiza komiti zile moja moja juu ya hiyo 412. Ifikapo kwenye kidahizo chetu, husimama na kutia alama ndani ya faili: sehemu ya juu ina "kompyuta", ya chini ina "tarakilishi", na kati yake pana mstari wa alama za usawa.

Pana jambo hapa litakalomvutia yeyote aliyesoma nadharia za usimulizi. Git inaruhusu mtu kuchagua upande mzima kwa neno moja: --ours, yaani "yetu", au --theirs, yaani "yao". Mhariri wa Nairobi angedhani "yetu" ni "tarakilishi". Sivyo! Katika upandikizaji, aliye nyumbani ni komiti namba 412, na kazi ya mhariri mwenyewe ndiyo mgeni anayebisha hodi. "Yetu" ni ya Dar es Salaam. Anayechagua bila kujua nani anasimulia huitupa kazi yake kwa mkono wake, na mfumo haumwonyi kwa kuwa umemtii. Ni salama zaidi kuifungua faili, kusoma pande zote mbili, kuandika mstari unaofaa na kuzifuta alama. Kisha faili huingizwa kwa git add, upandikizaji huendelezwa kwa git rebase --continue, na mwishowe dcommit hurudiwa. Akitatizika, git rebase --abort humrudisha alikoanzia. Iwapo istilahi yenyewe haijaafikiwa, ni heri apige simu kwanza. Suala la "tarakilishi" na "kompyuta" halina amri ya kulimaliza.

Aidha, dcommit huiandika upya kila komiti inayovuka, kwa kuwa huongeza katika maelezo yake alama ya namba iliyopewa na Subversion. Kitambulisho chake hubadilika. Kwa hiyo, mhariri akimgawia mwenzake komiti za Git kabla hazijavuka, mwenzake atabaki na nakala za zamani, na badiliko moja litakuja kugongana na kivuli chake lenyewe. Kinachofaa ni kuvusha kwanza, kugawa baadaye.

Mgongano mgumu kuliko yote ni ule usiotiwa alama. Tuseme mhariri mmoja amekifuta kidahizo "ngamizi" katika faili ya herufi N, na mwingine, katika faili ya herufi K, ameongeza kidahizo kinachomwelekeza msomaji atazame "ngamizi". Mistari haikugusana, hivyo mifumo yote miwili itapokea kazi hizo bila kunung'unika, na msomaji wa faharasa ataelekezwa mahali pasipo na kitu. Kosa kama hilo hugunduliwa tu na mtu anayesoma komiti za wenzake kabla ya kuvusha zake, zikiwemo zile ambazo hazikumzuia.