Samaki wa Mtera na Taa za Kidatu

Sisi tuliozaliwa pande za Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa, twaujua mto wa Ruaha Mkuu kwa umeme wake. Tangu mwaka 1975 maji ya mto huo yanazungusha mitambo ya Kidatu, kusini ya Mikumi, mitambo ambayo leo uwezo wake ni megawati 204. Walakini mimi niliyajua maji yale kwa njia nyingine kabla ya kuzijua taa zake. Yalinilipia ada ya shule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mkoani Iringa. Mjomba wangu alikuwa amehamia Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ambako mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ule ule ulizibwa kwa ukuta ili maji ya masika yahifadhiwe na kuteremshwa Kidatu wakati wa kiangazi. Bwawa hilo likijaa hufunika yapata kilomita za mraba 600, nalo liliwavuta wavuvi kutoka pande nyingi za nchi. Kila likizo nilikwenda Mtera kwanza kujifunza kazi. Kisha nilirudi nyumbani kwa kuteremka Kitonga na kupita Ruaha Mbuyuni, nikiwa na gunia la samaki wakavu wa kuuza Mikumi, pale wanapopumzika madereva wa malori.

Nilidhani uvuvi ni nguvu za mikono. Mjomba alinionyesha kwamba kwanza ni elimu. Chini ya maji kuna visiki vya miti iliyofunikwa bwawa lilipojaa, na asiyevijua hurudi na nyavu zilizoraruka. Jioni tulitega nyavu, alfajiri tukazitegua, tukawatoa perege na kambale kabla jua halijawa kali. Nilijifunza kusoma upepo, kuwaachia viboko njia yao, na kutotia mkono majini ovyo mahali penye mamba.

Somo lililonishinda kwa muda mrefu lilikuwa la kina. Bwawa lile likijaa kabisa maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi mita 690 huwa yamefika kiwango cha mwisho cha kuteremshwa kwa ajili ya umeme. Tofauti ya mita nane na nusu yaweza kuonekana ndogo, lakini kwa kuwa nchi ile ni tambarare, maji yakipungua mita moja tu ufuko husogea mbali sana. Na ufukoni ndiko kuliko malezi ya perege. Dume huchimba kiota katika maji ya kina kifupi, jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Mwenye kuvua pale kwa pupa huvua uzazi wenyewe.

Desemba 1993 nilikuta maji yamekimbia. Mtumbwi wa mjomba ulikuwa umelala juu ya matope yaliyopasuka. Mwezi huo huo, huko juu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto uliacha kutiririka, jambo ambalo wenyeji hawakulizoea. Samaki walisongamana katika maji haba, na watu wakatoa makokoro yenye macho madogo ili wayavute usiku. Mimi, kwa kuwa ada ilinikabili, nilijiunga nao pasipo kumwambia mjomba.

Alfajiri mchanga ulijaa perege wadogo kama vidole gumba, wasiotosha hata kupasuliwa. Tukawaanika. Jua la siku tatu liliwageuza kama majani makavu, na pale Mikumi magunia mawili hayakufikia bei ya gunia moja la samaki wa nyavu za mjomba. Januari nilirudi shuleni na nusu ya ada. Habari zilipomfikia, mjomba hakugomba. Likizo iliyofuata alinikalisha chini ya mti nishone nyavu, kisha akasema, "Mwanangu, ulikwenda kuuza ada ya mwaka kesho kwa bei ya leo."

Mwaka 1994 nchi iliingia katika mgawo mkali wa umeme, kama ilivyokuwa mwaka 1992. Taa zilizimika mijini, na viwanda vikakosa nguvu. Wavuvi waliwalaumu wenye mitambo kwa kuyateremsha maji, na watu wa mijini wakaulaumu ukame. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, lakini wengi hawakutazama juu zaidi, katika bonde la Usangu, ambako mifereji ya mashamba ya mpunga ilikuwa ikiendelea kuyachukua maji hata wakati wa kiangazi. Hakuna mkulima mmoja aliyeukausha mto. Kila mmoja alifungua mfereji wake. Hata mimi sikuwamaliza perege wa Mtera. Nilivuta kamba moja tu ya kokoro. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 2008 sehemu ya bonde la Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha kwa nia ya kuuokoa mto, na hata hivyo umeendelea kukauka wakati wa kiangazi katika miaka mingi iliyofuata. Mzigo wake nao umezidi, kwani ukitoka Kidatu huingia Rufiji, liliko Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022.

Yatupasa basi kukumbuka kwamba mkulima wa Usangu, mvuvi wa Mtera na mfanyakazi wa kiwanda cha Dar es Salaam hula katika sahani moja ingawa hawajaonana. Akiinyang'anya mmoja, wawili hulala njaa. Kijana anayekwenda leo bwawani kutafuta ada yake, na aende, kwa maana kazi ile ni ya heshima. Lakini kabla ya kushika kafi na apime macho ya wavu wake, amwachie perege jike muda wa kuwatema wanawe, na likizo ijayo atawakuta wamekua.