ASALI NA KIKOHOZI: JE, UNAJUA UNAMPA NANI?

Nyumba nyingi hazikosi chupa ya asali. Inakaa juu ya kabati, imefungwa mfuniko kwa nguvu ili sisimizi wasipate njia, na hailiwi ovyo. Hiyo ni ya dawa! Mtu akianza kukohoa, bibi anaishusha, anakamua ndimu, anaponda kipande cha tangawizi, na kijiko kinapita kwa kila mwenye kifua. Kama ni asali ya Tabora, au ile ya nyuki wadogo wasiouma, ndiyo kabisa. Hiyo inatolewa kwa mgonjwa tu.

Sasa fikiria. Mama yuko sokoni, baba yuko kazini, wewe umetoka shule, na nyumbani kuna mdogo wako anakohoa tangu asubuhi. Anayeshusha ile chupa ni wewe. Kwa hiyo makala hii hatuwaandikii wazazi, tunakuandikia wewe.

INASAIDIA KWELI AU NI MANENO YA BIBI?

Inasaidia, lakini sio kwa namna watu wengi wanavyofikiri.

Kikohozi kingi cha mafua kinaletwa na virusi. Asali haiui virusi hivyo. Hata dawa za antibayotiki haziviui, ingawa watu wanazinunua dukani kama karanga. Mwili wenyewe ndio unaopigana navyo mpaka unashinda. Kazi ya asali ni kulipaka koo lililokwaruzika, likalainika, ile hamu ya kukohoa ikapungua, na mgonjwa akapata usingizi. Mtu anayelala vizuri anapata nguvu ya kupona. Si jambo dogo hilo.

Wataalamu walilipima jambo hili. Mwaka 2007 watafiti wa huko Pennsylvania, Marekani, walitangaza matokeo ya watoto na vijana 105 waliokuwa na kikohozi cha mafua. Wengine walipewa asali nusu saa kabla ya kulala, wengine dawa ya kikohozi ya dukani iliyotiwa ladha ya asali, na wengine hawakupewa kitu. Asubuhi wazazi wakaulizwa usiku ulikwendaje. Waliopewa asali ndio waliosemwa kuwa na nafuu kubwa zaidi, na ile dawa ya dukani haikuonekana kuipita asali.

Mwaka 2012 ukatoka utafiti mwingine, safari hii Israeli, wa watoto 300 wenye umri wa kati ya mwaka 1 na 5. Hapa wajanja walifanya kitu kizuri: badala ya kuwaacha wengine mikono mitupu, waliwapa sharubati ya tende, ambayo ni nzito na tamu vilevile. Kulipokucha watoto wa pande zote mbili walikuwa wamepata nafuu, ila wa asali walikuwa na nafuu zaidi. Umeona hapo? Hata wa tende walipata nafuu. Ndiyo maana mtu akikwambia "nilikunywa kitu fulani nikapona", muulize angekuwaje kama asingekunywa. Mafua huondoka yenyewe.

Kiasi walichotumia kule Pennsylvania si cha kumaliza chupa: mtoto wa miaka 2 mpaka 5 nusu kijiko cha chai, wa 6 mpaka 11 kijiko kimoja, na wa 12 mpaka 18 vijiko viwili. Basi. Hakuna haja ya kubugia nusu kikombe. Kijiko kimoja cha chai kina gramu kama 7 za asali, na sehemu kubwa ya hizo ni sukari. Kwa hiyo mtoto apige mswaki baada ya kulambishwa, kabla hajalala. Ndimu na tangawizi ukipenda weka, zinaongeza ladha na joto kooni. Maji yawe ya vuguvugu. Yakiwa ya moto sana utamuunguza mtu mdomo, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa.

MTOTO AMBAYE HAJATIMIZA MWAKA: USIMPE!

Hapa ndipo tunapotaka usome taratibu. Mtoto aliye chini ya miezi 12 haruhusiwi asali. Si kijiko, si tone la kulambishwa kidoleni, si ndani ya uji, si kupakwa kwenye chuchu ili anyonye. Hata kama anakohoa mpaka unamwonea huruma.

Sababu ni bakteria mmoja anayeitwa Clostridium botulinum. Bakteria huyu anakaa kwenye udongo na vumbi, na akiona mazingira ni mabaya anajifunga kama mbegu iliyokauka. Mbegu hizo huweza kuingia kwenye asali yoyote, hata ile safi iliyorinwa na mzee unayemwamini. Ndani ya asali hazioti, zimelala tu. Wewe ukizila hazikudhuru, kwa sababu tumboni mwako kumejaa bakteria wengine wenyeji ambao hawaziachii nafasi. Lakini utumbo wa mtoto mchanga bado haujapata wenyeji wa kutosha. Mbegu zinaota, zinaongezeka, na zinatengeneza sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Sumu hiyo inazuia mishipa ya fahamu isiamrishe misuli.

Dalili zinaanza kimyakimya. Mtoto anafunga choo siku kadhaa. Kilio kinakuwa chembamba, cha kunung'unika. Ananyonya kwa ulegevu, kope zinalegea, shingo haikai, mwili unakuwa kama kitambaa kilicholowa. Mwisho misuli ya kupumulia nayo inachoka. Ukimwona mtoto wa namna hii, hapo ni hospitali mara moja, na kama alilambishwa asali, daktari aambiwe bila kuficha. Tusitishane kupita kiasi: ugonjwa huu, unaoitwa botulizimu ya watoto wachanga, ni wa nadra. Uligunduliwa mwaka 1976 huko California. Lakini nani anataka kucheza bahati nasibu na mtoto wa miezi minne, tena kwa ajili ya kikohozi?

"Lakini mimi nitaichemsha." Haisaidii. Mbegu hizo zinavumilia maji yanayochemka, zinahitaji joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo, kama kwenye mashine ya kuchemshia vifaa vya hospitali. Sufuria ya uji haifiki huko.

Tatizo lenyewe linakuja pale bibi anaposema, "Baba yako nilimlambisha asali siku aliyozaliwa, mbona hakufa?" Anasema kweli, na wala hana nia mbaya. Kubishana na mtu mzima mbele ya wageni hakutakufikisha popote. Mwambie kwa adabu: "Bibi, kliniki wamesema asali tumngoje atimize mwaka." Neno la kliniki lina uzito kuliko la kwako, na lenyewe ni la kweli. Mtoto aliye chini ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha, hata akiwa na mafua, na anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mama mwenyewe akitaka asali ale tu, haimfikii mtoto kwenye maziwa.

HESABU PUMZI

Mdogo wako ana miaka miwili, umempa nusu kijiko, amelala. Kazi imekwisha? Bado. Kuna kikohozi cha mafua na kuna nimonia, na mtu yeyote mwenye saa anaweza kuanza kuvitofautisha.

Mfunue kifua akiwa ametulia, asiwe analia. Hesabu jinsi kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, huyo anapumua haraka kuliko kawaida. Tazama pia chini ya mbavu: panapobonyea kila akivuta hewa, au akishindwa kunywa, au akipata degedege, chukua mtoto mwende kituo cha afya sasa hivi. Usingoje mama arudi sokoni, mtume jirani akamwite. Nimonia inatibika kwa dawa, tena vizuri, ila haina subira.

Na kuna mahali pengine ambapo kikohozi cha mtoto humpeleka pabaya. Asali ikishindwa, watu wanasema "huyu ana kimeo", anapelekwa kwa fundi akakatwe kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kimeo kila mtu anacho! Kukikata hakutibu kikohozi. Watoto huvuja damu nyingi, hupata vidonda vilivyooza na hata pepopunda kutokana na vifaa vichafu, na ile nimonia iliyokuwa inakohoza inabaki palepale ikiendelea na kazi yake.

NA VIDONDA JE?

Asali imepakwa kwenye vidonda tangu enzi za Misri ya kale, na sayansi yake ni tamu kama yenyewe. Ile osmosisi uliyoisoma kwenye Biolojia ndiyo hii: asali ina sukari nyingi na maji machache, kama asilimia 18 tu, kwa hiyo inawanyonya bakteria maji. Pia ni chachu, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, dawa ileile ya kusafishia vidonda. Hospitali nyingine duniani zinaitumia kwenye vidonda vya moto. Lakini asali yao imepigwa mionzi ya kuua zile mbegu tulizozitaja. Ya kwako ya chupa haijapigwa. Ukiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu funika kwa kitambaa safi uende kituoni. Sio asali, sio dawa ya meno, sio mafuta.

Kuhusu malaria, UKIMWI na kisukari tutasema kwa kifupi. Asali haitibu malaria wala UKIMWI, na anayekuuzia kwa madai hayo anataka hela yako. Mwenye kisukari asidanganywe kwamba sukari ya asali "ni ya asili". Inapandisha sukari mwilini kama nyingine.

Na ile michezo ya kupima asali kwa kiberiti, kwa mchanga au kwa kuiangalia kama sisimizi wanaikimbia? Haiaminiki. Asali iliyochanganywa na sukari inaweza kufaulu mitihani yote hiyo. Kuganda nako si dalili ya kuchakachuliwa, asali nyingi nzuri huganda. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka. Nunua kwa mtu unayemfahamu anakorina.

KIJIKO CHA BWENINI

Tumalizie na nyinyi wa shule za bweni, maana huko asali inafanya kazi nyingine tusiyoipenda: kuficha. Mwanafunzi anakohoa. Hataki kwenda kwa matroni, anaogopa kurudishwa nyumbani wakati mtihani uko karibu. Ana chupa yake ya asali kwenye sanduku, analamba usiku, koo linatulia, analala. Wiki ya kwanza inapita. Ya pili. Ya tatu. Suruali inaanza kumpwaya, shuka linalowa jasho usiku, jioni anasikia homa. Wenzake wanamtania kuwa amekonda kwa mapenzi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kupimwa kifua kikuu. Makohozi yenye damu hayangoji hata hizo wiki mbili. Asali hapa haijamdhuru mtu kwa sumu, imemdhuru kwa kumpa usingizi mzuri huku ugonjwa ukiendelea kula mapafu. Na hayuko peke yake chumbani. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kuchangia kijiko wala kikombe, kwa hiyo kumtenga na vyombo vyake ni kumwonea bure. Kinaambukizwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa ndani ya chumba chenye vitanda ishirini na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya mbu au baridi.

Kwa hiyo fungueni madirisha, fungeni vyandarua, na huyo mwenzenu msindikizeni. Atapimwa makohozi, na kwenye vituo vya serikali hapa Tanzania dawa za kifua kikuu hazilipiwi. Matibabu huchukua kwa kawaida miezi 6, na akimeza dawa zake sawasawa, baada ya majuma machache uwezo wa kuambukiza wengine unapungua sana. Anarudi darasani. Mtihani wake anaufanya. Asali yake ikibaki anaweza kuipaka kwenye mkate.