Talaka haifuti wajibu wa kumkimu mtoto

NDOA inapovunjika, wengi hukimbilia kugombania nyumba, shamba na gari. Wanaosahaulika ni watoto, ambao shule zinapofunguliwa hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo huku kila mzazi akimnyoshea mwenzake kidole.

Wapo akina baba wanaoamini kwamba mke akishafunga virago na kuondoka na watoto, basi mzigo wa malezi ameuchukua yeye. Wapo pia akina mama wanaovumilia kwa miaka kwa sababu hawakufunga ndoa rasmi, wakidhani hawana haki ya kudai chochote. Pande zote mbili zimepotoka.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 53, inasema kuwa baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Hapo awali hali ilikuwa tofauti. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia mama jukumu la kwanza endapo wazazi hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 iliondoa ubaguzi huo na kuwaweka wazazi wote wawili katika mizani moja.

Usawa huo haumaanishi kwamba kila mzazi atatoa kiasi kile kile cha pesa. Hakuna kiwango maalumu kilichowekwa kisheria. Hakimu huchunguza mapato ya kila mzazi, mahitaji ya mtoto, afya yake, na namna alivyokuwa akilelewa na kusomeshwa kabla ya wazazi kutengana. Mara nyingi mzazi mmoja huagizwa kulipa karo na matibabu, naye anayeishi na mtoto akagharimia chakula na makazi.

Aghalabu safari ya kutafuta haki huanzia katika ofisi ya afisa wa watoto, si mahakamani. Afisa huyo huwaita wazazi wote wawili na kujaribu kuwapatanisha bila malipo ya wakili. Wakikubaliana, mapatano huandikwa na kutiwa saini. Ni muhimu mapatano hayo yawasilishwe mahakamani ili yaidhinishwe, kwani hapo ndipo yanapopata nguvu za amri ya korti. Ahadi ya mdomo, au karatasi iliyofungiwa kabatini, ni vigumu kuitekeleza.

Mazungumzo yakigonga mwamba, mzazi au mlezi anaweza kufungua kesi katika Mahakama ya Watoto. Si lazima awe na wakili. Anachohitaji zaidi ni ushahidi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, orodha ya karo kutoka shuleni, risiti za hospitali, kodi ya nyumba na makadirio ya matumizi ya kila mwezi. Kila mzazi hutakiwa kueleza mapato yake kwa kiapo. Baba akikana mtoto, korti inaweza kuagiza uchunguzi wa DNA. Kwa kuwa mtoto hawezi kulala njaa akisubiri hukumu, mwombaji anaweza kuomba amri ya muda mwanzoni mwa kesi.

Matunzo ya mke au mume ni suala jingine, na yana sheria yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inairuhusu mahakama kumwamuru mmoja wa wanandoa amkimu mwenzake aliyetelekezwa, au wakati kesi ya talaka inaposikizwa na hata baada ya talaka kutolewa. Sheria haibagui. Mume pia anaweza kudai.

Hata hivyo, haki hiyo si ya milele. Hukoma anayepokea matunzo akioa au kuolewa tena. Aidha, mahakama zimekuwa zikisisitiza kwamba mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi hafai kumgeuza aliyekuwa mwenzake kuwa kitega uchumi.

Kwa Waislamu, masuala ya ndoa na talaka huamuliwa na Mahakama za Kadhi pale pande zote zinapokubali mamlaka yake. Mume aliyetoa talaka rejea hutakiwa kumkimu mke hadi eda iishe. Eda ikiisha, wajibu wake kwa watoto unabaki pale pale.

Je, anayekaidi amri hufanywaje? Korti inaweza kuagiza mwajiri akate pesa kwenye mshahara wake, mali yake inadiwe, au yeye mwenyewe afungwe jela ya madai. Aliyepoteza kazi hafai kunyamaza na kujificha. Anapaswa kurudi mahakamani kuomba kiasi kipunguzwe. Vivyo hivyo, anayetunza mtoto anaweza kuomba kiongezwe gharama zinapopanda.

Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wana pa kukimbilia. Chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, kilichoanzishwa 1985, huwasaidia wanawake na watoto na kuwafunza namna ya kujiwakilisha kortini. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwahudumia maskini tangu 1973. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo ilibuni idara ya kitaifa ya kuwasaidia wasiojiweza. Mtoto anayeteswa au kutelekezwa anaweza kuripotiwa kwa kupiga simu nambari 116 bila malipo.

Kosa moja hurudiwa na wengi: kumtumia mtoto kama silaha. Baba huacha kulipa kwa kuwa amenyimwa nafasi ya kumwona mwanawe, naye mama humficha mtoto kwa kuwa hajalipwa. Mbele ya hakimu, matunzo na haki ya kumwona mtoto ni mambo mawili tofauti, na kunyimwa moja si sababu ya kukatiza jingine. Mtoto hakuandikisha talaka hiyo, wala hapaswi kuilipia.