Zimwi na Mavizio Yake

Wenzangu wengi wamepata kuniuliza sisi watu wa chama cha michezo twafanya nini Jumamosi jioni katika chumba cha jiografia, tukiwa na penseli, karatasi na mkebe wa kahawa, mara tumenyamaza, mara twapiga kelele kana kwamba nyoka ameingia. Mhariri amenipa nafasi nieleze. Nitaeleza jambo moja tu, nalo ni kazi ya kutunga zimwi na kumpanga avizie. Nalijua kwa sababu nililikosea vibaya.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapwa mwaka 1974. Mmoja wetu huwa msimulizi, naye hueleza mahali, watu na mazimwi. Wengine kila mmoja hutwaa mtu wa kubuni, askari au mchawi au mwizi, akasema mtu huyo afanya nini. Jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu yenye pande 20. Sisi hatuna dadu hiyo, basi tumeandika namba 1 hadi 20 katika vipande vya karatasi, tukavitia mkebeni. Mtu huchomoa kimoja, akakisoma, akakirudisha na kutikisa, maana asiyerudisha huharibu hesabu. (Wazazi waliouliza kama twaita mashetani na watulie: kazi kubwa ya jioni nzima ni kujumlisha na kutoa.)

Muhula uliopita nilikuwa msimulizi kwa mara ya kwanza. Nilitwaa goblini wanne, nao ni watu wafupi wenye hila na pinde, nikawaficha vichakani kando ya njia. Sikuwaambia wachezaji neno lo lote mpaka mishale ilipotoka. Yote minne niliielekeza kwa mwenzetu wa Kidato cha Kwanza, ambaye alikuwa ametumia jioni mbili kuandika habari za mchawi wake, hata jina la bibi yake. Mchawi alikuwa na alama 8 za uhai, na kinga yake 12. Goblini huongeza 4 juu ya namba iliyochomolewa, kwa hiyo ikitoka 8 au zaidi amepiga. Karatasi 13 katika 20 zamfaa. Basi katika mishale minne, kwa wastani, miwili na zaidi hupata, na kila mmoja huondoa kama alama 5 na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe. Mchawi alianguka kabla mwenyewe hajagusa mkebe. Nami, kwa kuwa sikusoma kanuni vizuri, nilitangaza kwamba amekufa, ingawa kanuni humpa aliyeanguka nafasi ya kupona. Kijana alikunja karatasi yake akatoka. Jumamosi mbili zilizofuata hakuja.

Nilijitetea kwamba adui hapigi hodi. Utetezi huo haufai katika mchezo huu, kwa sababu msimulizi ndiye mwenye kila kitu. Nikitaka goblini mia, ninao. Kuwaua wachezaji hakuhitaji akili yo yote. Kazi iliyo ngumu ni kumfanya mchezaji aliyeshambuliwa apige paji la uso na kusema, "Kumbe tuliona, tukapita!" Kwa hiyo mavizio ya haki hutanguliwa na ishara. Nilipokirudia kijitabu cha wanaoanza cha mwaka 2014, nilikowatoa goblini wale, niliona haya. Humo wachezaji kwanza hukuta farasi wawili wamekufa njiani, wamechomwa mishale. Mimi niliwaruka farasi hao nikidhani ni pambo tu.

Tangu hapo naanza na zimwi mwenyewe. Nauliza anakula nini, analala wapi, na akiondolewa mahali pake atapungukiwa na nini. Ishara hutoka katika majibu hayo. Mwaka 1987 Roger Moore aliandika katika gazeti la mchezo huu, jina lake Dragon, habari za kobolti waliotungwa na msimulizi aitwaye Tucker. Kobolti ni katika viumbe dhaifu kabisa wa mchezo, lakini hao walizijua njia zao za chini ya ardhi, wakatumia moto na matundu ya ukutani, na mashujaa wenye nguvu wakawakimbia. Nguvu yao ilikuwa mahali walipokaa.

Zimwi wangu naye nilimpa mahali, nikamwita Mshika-Kamba. Hukaa kisimani katika kijiji kilichohamwa. Ni kipofu, hushika ncha ya kamba ya ndoo na kungoja mpaka mtu ainame, ndipo avute. Ndani ya kisima hakuna amshindaye, lakini juani ngozi yake hukauka akalegea. Niliweka ishara tatu, maana ya kwanza wachezaji hawaisikii na ya pili huicheka. Kijiji hakina watu, lakini kamba ni mbichi. Hakuna mavi ya mbuzi karibu na kisima, na ninyi mnajua kwamba penye maji hayakosi. Tena, jiwe likitupwa ndani halilii majini.

Kabla ya siku hiyo nilikwenda bwenini kumwomba radhi mdogo wetu yule. Tulipatana kwamba mchawi wake aliokotwa na wachuuzi, akapona. Alikuja, akakaa mbali na mimi, hakusema kitu. Wakubwa walipokuwa wakibishana nani ateke maji, yeye alisema anatupa jiwe. Nikamwambia husikii kitu. Akafikiri, kisha akasema anaifunga kamba kwenye punda wa wachuuzi na kumchapa fimbo. Nilichomoa karatasi kwa ajili ya zimwi, ikatoka 3.

Mshika-Kamba alitoka kisimani kama ndoo. Nilikuwa nimemwandalia saa nzima ya hofu, naye alidumu dakika tano, na kusema kweli niliona uchungu kidogo. Jumamosi ijayo kijana huyo ndiye msimulizi. Nimemwuliza ana zimwi gani, akanijibu nitazame vizuri nikiwa njiani.