MVULANA HAJENGWI KWA FIMBO PEKE YAKE



Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa mtoro. Kijiji chetu kiko kando ya Ziwa Victoria. Asubuhi nilivaa sare, nikamuaga mama, kisha nikapita njia ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Huko niliwasaidia watu kuanika dagaa, nikalipwa vijisenti. Nusu ya pesa nilimpa mama ya chumvi. Nusu nilicheza karata na vijana wakubwa. Mama hakuniuliza pesa inatoka wapi.

Mwalimu wa zamu alinichapa. Kesho yake nilirudi mwaloni. Fimbo nilikwisha kuizoea.

Siku moja mwalimu wetu mlezi alinifuata huko huko. Hakuwa na fimbo. Aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaniuliza: "Pesa unaipeleka wapi?" Nikamwambia yote, hata mambo ya karata. Jioni alikuja nyumbani, akazungumza na mama kwa heshima. Kisha akaniambia: "Kuanzia Jumatatu, kengele ya shule ni yako."

Kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la lori, kimening'inizwa mwembeni. Mpiga kengele hufika kabla ya wenzake wote. Siku ya tatu nilichelewa. Nikakuta shule nzima imesimama inaningoja. Hakuna aliyenigusa. Lakini aibu ile ilinifundisha kuliko viboko vyote. Toka siku ile sikuchelewa tena.

MALEZI YA SHULE NI NINI?

Watu wengi hudhani shule ni kusoma na kuhesabu tu. Sivyo. Shule pia hulea. Mwalimu mlezi humjua kila mtoto: anaishi na nani, anafuatana na nani, kwa nini amebadilika. Humsikiliza faraghani na kumtunzia siri zake. Lakini mtoto akisema anaumizwa, jambo hilo halifichwi. Ni lazima lifikishwe kwa wanaohusika ili mtoto alindwe.

Wavulana wengi huambiwa, "Mwanamume halii." Basi huficha shida zao. Shida iliyofichwa hutokea kwa njia nyingine: utoro, ugomvi, bangi. Ndiyo maana ni lazima awepo mtu mzima mmoja wa kumuuliza.

KAZI HUJENGA TABIA

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba au kazi nyingine za uzalishaji. Lakini hakutaka wanafunzi wawe vibarua. Alitaka washiriki katika kupanga na kuamua, na waone faida na hasara ya kazi yao.

Hapo ndipo tabia inapojengwa. Mvulana aliyekabidhiwa bustani hujifunza kwamba asipomwagilia, mchicha utakufa. Aliyekabidhiwa daftari la mavuno hujifunza uaminifu. Kiranja hujifunza kuongoza bila kuonea. Mchezaji wa mpira hujifunza kushindwa bila kupigana. Lakini mtoto akipewa kazi kama adhabu tu, atajifunza kuichukia kazi.

JE, FIMBO?

Kanuni za nchi yetu za mwaka 2002 ziliweka mpaka. Viboko visizidi 4. Mwenye kuvitoa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Tena adhabu iandikwe katika kitabu. Kwa hiyo, mzazi, usimwambie mwalimu, "Mchape tu, nirudishie mifupa." Maneno hayo yanaweza kumletea mtoto kilema. Fimbo humwambia mtoto amekosa. Haimwonyeshi namna ya kutenda mema.

MZAZI UFANYE NINI?

1. Mtoto akileta pesa au kitu kigeni, muulize kimetoka wapi.

2. Mjue mwalimu wa darasa lake. Nenda shuleni kabla hujaitwa.

3. Mpe mvulana kazi yake nyumbani. Kuchota maji na kufagia si kazi za wasichana peke yao.

4. Baba, jiangalie. Ukirudi umelewa na kutukana, mwanao anasoma somo hilo pia.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa ziwani tunajua zaidi: ukimkunja kwa nguvu, hata aliye mbichi huvunjika. Mkunje, lakini kwa mkono wa mtu anayemtaka mzima.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini kengele ilimbadilisha mtoro, na fimbo haikumbadilisha?

2. Mwanao wa kiume akiwa na shida, humwambia nani?

3. Katika kijiji chetu, wavulana watoro huenda wapi? Nani atawafuata?