Adabu za Uwanja wa Shabaha

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo una kweli yake, lakini katika uwanja wa shabaha haufai kuwa kisingizio. Hapo ajali nyingi hutanguliwa na mtu aliyesahau adabu: aliyegeuka na bunduki mkononi ili azungumze na mwenzake, aliyekwenda kutazama shabaha yake kabla ya ruhusa, au aliyeona haya kuuliza jambo asilolijua.

Hapa Moshi mambo ya shabaha si mageni. Mji wetu una shule ya polisi, ambamo vijana kutoka kila pembe ya nchi hufundishwa kazi ya ulinzi. Huko juu Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kipo chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963. Wanafunzi wake hujifunza pia kutumia silaha, kwani porini mtu hukutana na nyati na hata na jangili. Tena, tangu Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipohimiza ulinzi wa umma, wafanyakazi na wakulima wengi wamepitia mafunzo ya mgambo, na kulenga shabaha ni sehemu yake. Basi huenda siku moja wewe, au mumeo, au binti yako, mkasimama mbele ya shabaha.

RISASI HAINGOJI MLIO

Yafaa kwanza kuijua nguvu ya kitu unachokishika. Risasi ya bunduki aina ya Kalashnikov hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 hivi tu kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mtu aliye mbali kidogo hufikiwa na risasi kabla ya kuusikia mlio, wala hapati nafasi ya kuinama. Hata ile risasi ndogo ya bunduki ya mazoezi, ambayo wengi huidharau, yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja.

Sasa itazame milima yetu. Kuanzia Machame hadi Rombo vihamba vimebanana, na nyumba zimefichwa na migomba na mikahawa. Anayetazama kutoka mbali hudhani ni msitu mtupu, kumbe chini ya majani yale yumo mama anayekata majani ya ng'ombe, na watoto wanaotoka kuchota maji mferejini. Safu ya masale huonyesha mpaka wa kihamba na kila jirani huuheshimu, lakini risasi haiujui mpaka huo. Ndiyo sababu nyuma ya shabaha huwekwa tuta refu la udongo, na ndiyo sababu mtutu hauna ruhusa ya kuelekea kwingine.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Kwanza, ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama aliyekukabidhi ni mwalimu wako. Ifungue uitazame mwenyewe. Mwenye busara hataudhika.

Pili, mtutu uelekee kwenye shabaha daima. Ukiitwa jina, geuza kichwa, usigeuze bunduki.

Tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kulenga na umeamua kupiga.

Nne, ijue shabaha yako, na ukijue kilicho nyuma yake.

Ikitokea umevuta kifyatulio na risasi isilie, usiichungulie bunduki mdomoni. Risasi iliyochelewa yaweza kulia baadaye. Kaa vile vile, mtutu ukiwa mbele, hesabu hadi sekunde 30, kisha inua mkono umwite msimamizi.

CHEO HUBAKI LANGONI

Katika uwanja, neno la msimamizi ndilo sheria. Huenda wewe ni meneja wa kiwanda na yeye ni koplo. Hapo cheo chako kimebaki langoni. Akisema simama, simama. Lakini amri ya kuacha kupiga si mali yake peke yake. Yeyote aonaye mtoto, mbuzi au mtu amejitokeza mbele hana budi kupaza sauti, hata kama ni mwanafunzi wa siku ya kwanza, na wote hawana budi kutii papo hapo. Ikionekana kuwa aliogopa kivuli, asichekwe. Aliyechekwa leo atanyamaza kesho, na kesho hiyo huenda asiwe mbuzi.

Wenzako wanapokwenda mbele kutazama shabaha zao, usiguse bunduki yoyote, hata kwa kuifuta vumbi. Usimsemeshe anayelenga. Usishike silaha ya mwingine bila idhini yake. Usimcheke aliyekosa, kwani mwenye kuchekwa hufanya haraka, na haraka haina baraka. Okota maganda ya risasi zako. Na aliyeonja mbege, hata kata moja, siku hiyo akae nyumbani.

Ziba masikio pia, kwani mlio wa bunduki waweza kuondoa usikivu moja kwa moja. Tena risasi nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake hushika mikononi na nguoni. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na ubadilishe nguo kabla ya kumpakata mtoto.

WALIO NJE YA UWANJA

Mzazi naye ana wajibu. Bendera nyekundu ikipepea uwanjani, maana yake risasi zinapigwa. Mifugo isipelekwe huko wala kuni zisitafutwe. Waonye watoto wasiokote chuma wasichokijua. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa lililipuka na kuua wanafunzi. Hilo halikuwa jambo la uwanja wa shabaha, lakini funzo lake latuhusu sote: mtoto akiona kitu cha namna hiyo asikiguse, akimbie kumwita mtu mzima, naye awaarifu polisi.

Na kama nyumbani kwako kuna silaha yenye leseni, kama itakavyo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ifungie mahali pake, na risasi mahali pengine. Mtoto hujua kila uvungu wa kitanda cha wazazi wake.

Ndugu msomaji, Wachagga wana jani la isale. Aliyemkosea mwenzake hulipeleka kuomba radhi, na aghalabu ugomvi huishia hapo. Ni jani lenye heshima kubwa, lakini aliyekufa hawezi kulipokea. Basi uliza usilolijua, ngoja zamu yako, na umtii anayepaza sauti. Heri kurudi nyumbani hukupiga hata risasi moja, kuliko kubeba isale kwenda kwenye msiba ulioufanya wewe.